Kiolesura Kinachojirekebisha: Mkono Bandia Unaojifunza kwa Mvaaji

Mtu aliyekatwa mkono juu ya kiwiko, akiwa na mkono bandia wa umeme, huinua kikombe kwa hatua. Hukaza msuli wa mbele uliobaki ili kiwiko kikunjike. Kisha hukaza misuli ya mbele na ya nyuma kwa pamoja, kuuarifu mkono kwamba sasa anataka kifundo. Huikaza tena ili afikie vidole. Akikipita kiungo anachokitaka, hana budi kuzunguka orodha nzima ya viungo upya.

Kinachounganisha misuli hiyo na mashine huitwa kiolesura. Vihisi vinavyogusa ngozi hunasa umeme mdogo sana unaotokea msuli unapokazwa, kompyuta ndogo huutafsiri kuwa amri, na mota huitekeleza. Kwa kawaida tafsiri hiyo hupangwa na mtaalamu kliniki, ikabaki hivyo hivyo. Mwili haubaki hivyo hivyo: jasho, uchovu au kihisi kilichosogea kidogo tu hubadili ishara.

Katika Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, Patrick Pilarski na wenzake wameshughulikia tatizo la kuzunguka orodha kwa mkono wa majaribio uitwao Bento Arm. Programu yao hufuatilia jinsi mvaaji anavyoutumia mkono, ikabashiri kiungo atakachokihitaji baadaye. Kiwiko kikishanyooka kuelekea kikombe, vidole huja juu ya orodha. Mvaaji ndiye anayeamua. Mashine humpunguzia safari. Matokeo waliyochapisha mwaka 2016 yalionesha kwamba idadi ya mara za kubadili viungo ilipungua, na muda uliotumika kubadili ukapungua pia.

Tuiiteje teknolojia hii kwa Kiswahili? “Kiolesura” limekwisha kuzoeleka katika kompyuta. Kazi iko kwenye sifa yake. “Badilifu” hudokeza kitu kisichotabirika, na hakuna atakayeuamini mkono wa namna hiyo ukishika chai ya moto. “Nyumbufu” husema kinapindika bila kuvunjika, lakini halisemi kwamba kinajifunza. “Kinachojirekebisha” hutaja kazi yenyewe: mashine hujisahihisha kwa kumfuata mtu.

Ni istilahi ndefu, lakini mgonjwa huielewa bila kamusi. Chuo cha TATCOT, Moshi, hufundisha wataalamu wa viungo bandia, na wengi wao watawahudumia watu kwa Kiswahili. Walimu wake, pamoja na watunzi wa kamusi, waijaribu istilahi hii darasani na kliniki kabla lugha ya kigeni haijaziba nafasi hiyo.