Tableti darasani: walimu wa Kenya hawakukataa chombo

Kila mara chombo kipya kinapoletwa shuleni, mwalimu asiyekishangilia husemwa kwamba anaogopa maendeleo. Yaliyotokea Kenya yanaonyesha jambo lingine.

Mwaka 2013, muungano wa Jubilee wa Uhuru Kenyatta uliomba kura ukiahidi kompyuta kwa kila mtoto anayeanza darasa la kwanza. Wakati huo shule nyingi za vijijini hazikuwa na umeme. Mwezi Juni mwaka huohuo, walimu wa serikali waligoma wakidai posho walizoahidiwa tangu 1997. Swali likawa kali: kama pesa za kompyuta zipo, mbona za mwalimu hazipo? Chama cha walimu, KNUT, hakikusema kompyuta ni mbaya. Kilitaka walimu waongezwe na wafundishwe kwanza.

Mpango ulichelewa. Ulipoanza 2016, kompyuta za watoto zilikuwa zimegeuka tableti. Shule ilipewa pia kompyuta mbili za walimu na projekta. Vyombo zaidi ya milioni 1 viligawiwa, na umeme ukavutwa mpaka shule nyingi. Lakini mafunzo ya walimu yalikuwa mafupi. Mahali watoto walizidi tableti, wawili au watatu walishika moja, na kipindi kikaisha kabla kila mmoja hajagusa. Mahali wezi waliogopewa, mwalimu mkuu alizifungia stoo, maana zikipotea yeye ndiye wa kuulizwa.

Katika nchi hiyohiyo, mwaka huohuo wa 2013, UNHCR na wakfu wa Vodafone walianza njia nyingine katika kambi ya wakimbizi ya Dadaab. Walipeleka tableti, projekta, spika, batri na umeme wa jua. Tena walichagua walimu wa palepale ili wawasaidie wenzao siku kwa siku. Baadaye mpango huo ulifika Nyarugusu, Tanzania, kambi iliyopokea familia za Kivu ya Kusini tangu 1996.

Mwalimu akipewa chombo bila mafunzo, chombo kinakuwa mzigo juu ya mzigo. Kwa hiyo wazazi, hata wale waliohama makwao, wakiahidiwa tableti shuleni, waulize mambo matatu kabla ya kupiga makofi: nani atamfundisha mwalimu, umeme utatoka wapi, na ikivunjika, nani atalipa?