Kifuniko cha jua: Jinsi ya kuhifadhi joto la kidimbwi cha kuogelea

KATIKA miji ya nyanda za juu kama vile Nairobi, Nakuru na Eldoret, jua huweza kuwaka vyema mchana, lakini usiku kukawa na baridi ya kutetemesha. Nairobi, iliyo takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hupata usiku wa Julai ambapo kipimo cha joto hukaribia nyuzi 10.

Shirikisho la uogeleaji duniani, World Aquatics, ambalo zamani liliitwa FINA, hutaka maji ya mashindano yawe na kati ya nyuzijoto 25 na 28. Kidimbwi kilichoachwa wazi katika msimu wa baridi ni vigumu kufikia kiwango hicho bila kusaidiwa.

Wamiliki wengi hufikiria mtambo wa umeme kwanza. Hata hivyo, kuna kifaa cha gharama ya chini ambacho chafaa kutangulia: kifuniko cha jua.

Kifuniko hiki ni nini?

Ni karatasi nyepesi ya plastiki inayoelea juu ya maji, yenye viputo vya hewa upande mmoja. Aghalabu unene wake huwa kati ya maikroni 300 na 500, yaani chini ya nusu au takribani nusu ya milimita. Plastiki hiyo hutiwa dawa ya kuikinga dhidi ya miale mikali ya jua, ambayo vinginevyo ingeikausha na kuipasua upesi.

Viputo hulazwa vikitazama maji. Huisaidia karatasi kuelea, na hewa iliyomo ndani yake hupunguza kasi ya joto kupenya kwenda juu.

Joto hupotea vipi?

Adui mkubwa wa kidimbwi si hewa baridi pekee, bali mvuke. Kila maji yanapogeuka mvuke, huchukua joto kutoka kwa maji yanayobaki. Idara ya Kawi ya Marekani hukadiria kwamba uvukizaji husababisha takribani asilimia 70 ya joto linalopotea kidimbwini.

Chukua mfano wa kidimbwi chenye urefu wa mita 10, upana wa mita 5 na kina cha wastani cha mita 1.5. Hicho hubeba lita 75,000. Kikipungua kwa milimita 5 tu kutokana na uvukizaji, lita 250 zitakuwa zimetoweka. Joto linaloondoka na mvuke huo latosha kupoza maji yote yaliyosalia kwa karibu nyuzijoto 2.

Upepo huzidisha hasara hiyo kwa kuuondoa mvuke na kuleta hewa kavu mahali pake. Ndiyo maana ua wa miti upande wa upepo una manufaa, almuradi usitie kivuli juu ya maji.

Dhana inayopotosha

Jina la kifaa hiki huwafanya wengi waamini kwamba chenyewe ndicho kinachopasha maji moto. Ukweli ni kwamba jua ndilo linalopasha. Kifuniko ni mlinzi tu. Idara hiyo ya Marekani yaeleza kuwa kifuniko kinachopenyeza mwanga hupunguza nguvu za jua zinazofyonzwa na maji kwa asilimia 5 hadi 15, ilhali kile kisichopenyeza mwanga huzipunguza kwa asilimia 20 hadi 40.

Kwa hivyo, anayetaka msaada wa jua achague karatasi inayoruhusu mwanga kupita. Vilevile, kidimbwi kilicho chini ya kivuli siku nzima hakitapata joto jingi kwa kufunikwa tu.

Faida huja kwa sababu joto linalookolewa ni jingi kuliko lile linalozuiwa kuingia. Saa muhimu zaidi ni za usiku, wakati ambapo hakuna jua la kufidia kinachopotea.

Pwani mambo ni tofauti. Mjini Mombasa kifuniko chaweza kuyafanya maji yawe moto kupita kiasi, hali inayomaliza klorini upesi na kuchochea ukuvu. Huko yafaa kukiondoa mchana wa jua kali.

Kukitandaza na kukitunza

Karatasi mpya hutandazwa juu ya maji, ikaachwa siku chache hadi mikunjo inyooke, kisha hukatwa kwa makasi kufuata ukingo. Kidimbwi kikubwa huhitaji bomba la kuzungushia karatasi ili mtu mmoja aweze kuifungua na kuikunja.

Unapotia klorini nyingi kuliko kawaida, acha maji wazi hadi kiwango kishuke, kwani dawa hiyo hula plastiki. Isitoshe, usiiache karatasi iliyokunjwa ikae juani. Joto hukusanyika baina ya mikunjo na kuharibu viputo. Iweke kivulini.

Hatari isiyopuuzwa

Kifuniko cha jua si kizuizi cha usalama. Hakiwezi kubeba uzito wa mtoto. Akikikanyaga, hudidimia, karatasi humzingira na anayepita huenda asimwone. Hata maji machache ya mvua yaliyotuama juu yake yaweza kumzamisha mtoto mdogo.

Kabla ya yeyote kuogelea, ondoa kifuniko chote, wala si nusu. Ua wenye lango linalojifunga pamoja na jicho la mtu mzima havina mbadala.

Akiba ya maji

Faida nyingine huenda ikazidi ile ya joto. Idara hiyo ya Kawi yakadiria kwamba kufunika kidimbwi hupunguza maji ya kujazia kwa asilimia 30 hadi 50, na gharama ya kupasha maji moto, panapotumika mtambo, kwa asilimia 50 hadi 70.

Mwaka wa 2017, kina cha bwawa la Ndakaini kiliposhuka, wakazi wa Nairobi walipewa maji kwa mgao. Katika jiji ambalo limewahi kuona mitungi ikipangwa foleni, kuacha mamia ya lita yapae angani kila siku ni hasara isiyo ya mwenye kidimbwi peke yake.