Kindu, Mji wa Kupakua na Kupakia

Mto Lualaba ndio ulioamua mji wa Kindu, mashariki mwa Kongo, ukae wapi. Ukishaipita Kongolo, mto unabanwa na mawe, unaporomoka hapa na pale, na meli haipiti. Ukifika Kindu unatulia, na kutoka hapo hadi Ubundu vyombo huenda bila shida. Kampuni ya CFL ya tajiri Mbelgiji Édouard Empain, iliyoanzishwa 1902, ikajenga reli ya kilomita 355 kuyakwepa maporomoko hayo. Ilikamilika mwishoni mwa 1910. Wakoloni wakaubandika mji jina la mwenye kampuni, Kindu-Port-Empain. Jina hilo limekwenda nao.

Kabla ya reli, wakubwa wa Maniema, eneo ilipo Kindu, walikuwa Nyangwe na Kasongo, miji ya misafara ya mfanyabiashara Tippu Tip, yenye pembe za ndovu, mashamba ya mpunga na watumwa. Yote miwili iliangukia mikononi mwa Wabelgiji 1893. Kindu ikarithi mpunga wao na Kiswahili chao: sokoni leo Mrega, Mkusu, Msongola na Mgenya wanapatana bei kwa lugha hiyo.

Tangu reli ifike, kazi ya mji ilikuwa kupakua na kupakia. Mzigo ulioletwa na meli ulipanda treni, wa treni ulishuka melini. Mwaka 1915 reli ya CFL kutoka Kabalo, kusini mwa Kongolo, ilifika ziwa Tanganyika, na baadaye bidhaa za Kindu zikapata njia ya kuelekea Bahari ya Hindi. Makuli waliobeba magunia hayo ndio waliojenga mji huu, na inaniuma kwamba kumbukumbu za kampuni zimehifadhi zaidi majina ya wakurugenzi.

Ulaya, hasa Italia, Kindu inakumbukwa kwa siku moja: tarehe 11 Novemba 1961. Waitaliano 13 wa ndege za Umoja wa Mataifa, waliowaletea chakula askari wa Umoja huo kutoka Malaya, walikamatwa na wanajeshi wa Kongo waliowadhania kuwa mamluki wa jimbo lililojitenga la Katanga, wakauawa. Ulikuwa uovu, na mnara wao huko Fiumicino ni haki yao. Ila wana-Kindu waliokufa 1964, waasi wa Simba walipouteka mji na mamluki wa serikali walipourudisha mwezi Novemba, hawakuhesabiwa kwa uangalifu huo.

Maniema ilipotengwa na Kivu 1988, Kindu ikawa makao makuu ya mkoa. Miaka kumi baadaye, Oktoba 1998, waasi wa RCD waliuteka. Treni ikasimama, na watu wakasukuma kinga, yaani baiskeli, zilizobeba mawese, chumvi na nguo, siku nyingi msituni.

Mji una komini tatu: Kasuku na Mikelenge upande wa magharibi wa mto, Alunguli upande wa mashariki. Daraja halikujengwa kamwe. Barabara ya Kalima, ilikochimbwa bati ya kampuni ya Symetain tangu miaka ya 1930, inaishia Alunguli, na anayetaka kwenda ofisini Kasuku anavuka majini, mara nyingi katika mtumbwi. Wagenya wamekuwa wavushaji wa mto huu tangu enzi za misafara.

Siku hizi jina la mkoa limebebwa na mpira. Klabu ya AS Maniema Union ilifika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika msimu wa 2024/25, ikapambana na Raja Casablanca, FAR Rabat na Mamelodi Sundowns. Mechi zake za nyumbani ilizichezea Kinshasa, ambako mtu wa Kindu huenda kwa ndege.