Hisa Milioni Moja za 3dfx

Mwaka 1997, mwekezaji aliyezitamani chipu za michoro hakuwa na haja ya kuumiza kichwa. Mfalme alijulikana: 3dfx ya San Jose, California, iliyoanzishwa mwaka 1994 na wahandisi waliotokea Silicon Graphics. Chipu yake ya Voodoo ilikuwa sokoni tangu 1996, na aliyekwisha kucheza Quake juu yake hakutaka tena kusikia habari za nyingine. Mwezi Juni kampuni ikaingia Nasdaq, hisa moja dola 11.

Nvidia, iliyozaliwa mwaka mmoja kabla yake, ilikuwa ikihema. Chipu yake ya kwanza, NV1 ya 1995, ilichora kwa namna yake huku wenzake wote wakichora kwa pembetatu. Dola milioni 5 za Sega, kampuni ya michezo ya video, ndizo zilizoiokoa isizame. Sega hiyohiyo, mwaka 1997, iliiacha 3dfx na kwenda kwa NEC kutafuta chipu ya mashine yake ya michezo, Dreamcast.

Desemba 1998, 3dfx ikatangaza kuinunua STB Systems ya Texas, watengenezaji wa kadi za michoro wenye kiwanda Ciudad Juárez, Meksiko. Kabla ya hapo iliuza chipu tu, kadi zikaundwa na wengine. Sasa ingekula faida ya chipu na faida ya kadi. Tena STB ilikuwa mteja mkubwa wa Nvidia, kwa hiyo pigo lilionekana kuwa la jirani. Daftarini, hesabu ilipendeza.

Lakini kampuni za kadi zilizokuwa zikinunua chipu kwa 3dfx ziliamka na kumkuta muuzaji wao amefungua duka mbele ya duka lao. Zingemlisha mshindani kwa nini? Nvidia, ambayo haikuwa na kiwanda wala kadi za kuuza, ikazipokea. Januari 1999 nayo ikaingia Nasdaq, kwa dola 12. Chipu zake zilifinyangwa na TSMC kule Taiwan, na yenyewe ikajifunga kutoa toleo jipya kila baada ya miezi sita hivi. GeForce 256 ilitoka 1999. Voodoo5 ya kuijibu ikachelewa hadi katikati ya 2000. Nadhani ni ucheleweshaji huu, pamoja na mzigo wa kiwanda, uliowakimbiza wenye hisa kuliko kasi yoyote ya chipu.

Desemba 15, 2000, 3dfx ilikubali kuuza mali zake kwa Nvidia: dola milioni 70 taslimu, na hisa milioni 1 za Nvidia ambazo zingetolewa baada ya 3dfx kumaliza madeni yake. Haikuyamaliza. Oktoba 2002 iliomba ulinzi wa mufilisi, hisa hazikutolewa, na kesi ikaburuzwa mahakamani miaka mingi.

Tangu siku ile ya makubaliano, Nvidia imezigawanya hisa zake mara tano. Hadi Juni 2024, zile milioni 1 zingekuwa milioni 240.