Toba na ondoleo la dhambi katika makanisa ya Mara

Toba, katika imani ya Kikristo, ni kumrudia Mungu kwa mtu aliyemwacha kwa dhambi. Ondoleo ni tendo la Mungu la kumpokea mtu huyo asimhesabie tena kosa lake. Katika mahubiri mambo haya mawili hayaachani. Katika historia ya Kanisa, hata hivyo, yamezua maswali mazito: mwenye dhambi aungame kwa nani, faraghani au mbele ya watu, na aliyeibiwa apate nini pale mwizi wake anaposamehewa. Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, swali hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Huko wizi wa ng'ombe umewahi kugombanisha koo kwa koo, na kosa linalopelekwa mbele za Mungu mara nyingi lina mwenyewe anayejulikana kwa jina, na zizi lake linajulikana lilipo.

Dhambi, toba na msamaha ni maneno yaliyoingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na Wakristo wanayatumia pamoja na Waislamu. Asili ya neno toba ni kurudi, na Kiebrania cha manabii nacho hutumia kitenzi cha kurudi kwa jambo hilohilo. Kigiriki cha Agano Jipya husema zaidi juu ya kugeuka nia. Kwa dhambi, lugha zote mbili za Biblia zina neno ambalo maana yake ya awali ni kukosa shabaha. Tofauti hizi si za wanazuoni peke yao. Anayeelewa toba kuwa ni kugeuka nia anaweza kutubu akiwa amekaa kitini. Anayeielewa kuwa ni kurudi hana budi kuinuka na kwenda mahali.

Torati inalieleza jambo hili la kurudi kwa mfano wa mifugo. Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, kinaagiza kwamba aliyeiba ng'ombe akamchinja au kumuuza alipe ng'ombe watano kwa mmoja, na kondoo wanne kwa kondoo mmoja. Walawi sura ya 6 inamtaka mdhulumu arudishe mali pamoja na sehemu ya tano juu yake, kisha ndipo alete sadaka yake kwa kuhani. Zakayo, mtoza ushuru wa Yeriko katika Luka 19, anaahidi kurudisha mara nne bila kuulizwa. Daudi anaonyesha upande mwingine: baada ya nabii Nathani kumfunulia dhambi yake juu ya Bathsheba na Uria, anasamehewa, lakini mtoto anakufa na nyumba yake haitulii tena. Msamaha wa Mungu, kwa masimulizi hayo, haufuti kila matokeo ya kosa. Ndiyo maana makanisa ya Mara hayaoni mgongano kati ya mtu kusamehewa na mtu huyohuyo kujibu mashtaka mahakamani.

Kanisa la kwanza lilifahamu toba ya hadharani, tena ndefu. Baada ya mateso ya Kaisari Decius mwaka 250, Wakristo waliokuwa wameikana imani waliomba kurudi, na Novatiano akajitenga na Kanisa la Roma kwa kupinga kupokewa kwao. Karne nyingi baadaye maungamo yakawa ya siri, na Mtaguso wa Laterano wa mwaka 1215 ukamtaka kila muumini mwenye umri wa kutambua aungame walau mara moja kwa mwaka. Luther naye, mwaka 1517, alifungua hoja zake 95 kwa kusema kwamba maisha yote ya mwamini yawe toba.

Desturi zote hizi mbili, ya siri na ya hadharani, zinaonekana Mara leo. Wakatoliki, ambao jimbo lao la Musoma liliundwa mwaka 1957 baada ya kazi ya wamisionari wa Maryknoll walioanza huko mwaka 1946, wana sakramenti ya Kitubio. Mwenye kutubu huwa na majuto, huungama kwa padre, hupokea maondoleo na kutimiza malipizi. Katika vijiji vya kata kama Nyansurura, wilayani Serengeti, mwamini anaweza kusali kigangoni, yaani katika kanisa dogo la kijiji, chini ya katekista kwa majuma mengi kabla padre hajafika, na katekista, hata awe mwema kiasi gani, hawezi kuondolea dhambi. Ziara za padre kabla ya Noeli na Pasaka kwa hiyo huwa na foleni. Anayoambiwa padre ni siri kabisa. Siri hiyo inatofautiana na desturi ya Wakuria, moja ya makabila ya eneo hili, ya iritongo, baraza la hadhara ambamo watuhumiwa wa wizi hutajwa mbele ya wote. Padre anaweza kujua alipo ng'ombe anayetafutwa na baraza zima, na hawezi kusema hata kwa ishara. Anachoweza kufanya ni kumwambia aliyeungama kwamba arudishe, kwa kuwa Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inafundisha kwamba anayetubu lazima afanye awezalo kutengeneza alichoharibu, kwa mfano kurudisha vilivyoibwa.

Kwa Wamennonite, waliofungua kituo chao cha kwanza Shirati mwaka 1934 na baadaye wakafika Nyabasi katika nchi ya Wakuria, dhambi nzito ni jambo la kusanyiko. Mkosaji huonywa kwa utaratibu wa Mathayo 18. Asiposikia hutengwa na meza ya Bwana, na anapotubu husimama mbele ya ndugu ili arudishwe kundini. Wao na Waadventista huoshana miguu katika ibada ya meza ya Bwana, na tendo hilo ni kipimo kigumu: mtu aliyekosana na mwenzake hapati raha kuinama mbele ya miguu yake.

Lakini uliobadilisha sura ya toba katika eneo zima ni Uamsho wa Afrika Mashariki. Mizizi yake iko Gahini, Rwanda, na Namirembe, Kampala, ambako mwaka 1929 daktari Mwingereza Joe Church na Simeoni Nsibambi, Mganda, walisoma Biblia na kuomba pamoja. Waliofuata waliitwa Balokole, yaani waliookoka, na Kiswahili kikapata neno walokole. Msingi wao ulikuwa 1 Yohana sura ya 1: kutembea nuruni, kuungama, kutakaswa kwa damu ya Yesu. Waliungama wazi, wakitaja walichofanya na waliyemfanyia, kisha wakaenda kwa miguu kurudisha majembe, fedha na mifugo. Mwaka 1941 chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, kiliwafukuza wanafunzi walokole, akiwemo William Nagenda, kwa kukataa kuacha mikutano yao ya alfajiri.

Mwaka 1942 uamsho ulifika Shirati. Zedekia Kisare, aliyewekwa wakfu mwaka 1967 kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa Wamennonite wa Tanzania, alikuwa mmoja wa walioguswa. Kanisa hilo hukumbuka kwamba wamisionari wa Kimarekani nao waliungama mbele ya Waafrika kiburi chao, na hilo pengine ndilo tunda kubwa kuliko yote, kwa sababu hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kuwalazimisha. Watu wa makabila yaliyokuwa yakitazamana kwa shaka walianza kuitana ndugu na kulala katika nyumba za wenzao. Uamsho ulikuwa na hatari zake pia. Ungamo la hadharani laweza kumwaibisha mke au jirani ambaye hakuomba kutajwa, na wengine walianza kuwapima Wakristo wenzao kwa wingi wa machozi. Busara iliyokomaa ndani ya uamsho wenyewe ni kwamba ungamo lisivuke mipaka ya watu waliokosewa.

Makanisa hayakubaliani na mila katika kila jambo juu ya kipi ni dhambi. Nyumba ntobhu, ndoa ya Kikuria ambamo mwanamke asiye na mtoto wa kiume huoa mwanamke mwingine ili apate uzao, ni mila ya heshima kwa wengi, na kwa makanisa ni kikwazo cha kushiriki sakramenti. Kuhusu ukeketaji msimamo wa viongozi wa makanisa ni mmoja zaidi. Huko Mugumu, wilayani Serengeti, Nyumba Salama iliyoanzishwa chini ya Dayosisi ya Mara ya Kanisa Anglikana hupokea wasichana wanaokimbia kukeketwa, na baada ya msimu wa ukeketaji wa Desemba kazi yake kubwa huwa kuwapatanisha na wazazi. Mzazi hutakiwa kukiri, kuahidi, na kuangaliwa kama ahadi inatimizwa. Hapo toba ina shahidi hai ambaye ni mtoto mwenyewe.

Suala la mtu kusamehe aliyemtenda lilipata mfano wake unaojulikana zaidi kwa Festo Kivengere, askofu mlokole wa Uganda, aliyekimbia nchi baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa chini ya utawala wa Idi Amin Februari 1977, kisha akaandika kitabu cha kutangaza kwamba anampenda Amin. Rwanda, moja ya nchi ulikoanzia uamsho, iliona mauaji ya kimbari mwaka 1994, na waliobatizwa walikuwamo miongoni mwa wauaji. Tangu hapo wahubiri wa eneo hili wana sababu ya kuogopa toba inayoishia mdomoni.

Hubaki kesi ya mtu anayetaka kurudisha asiweze: ng'ombe ameuzwa ng'ambo ya mpaka wa Kenya, mwenyewe amekufa. Mafundisho ya Kikatoliki yanasema deni liende kwa warithi, na wasipopatikana liende kwa maskini. Walokole hushauri mtu aende kwa watoto wa marehemu, aseme alichofanya, na alipe kidogo kidogo. Asiye na kitu kabisa hudaiwa nia ya kulipa siku atakapoweza, na ondoleo lake haliahirishwi mpaka siku hiyo.