Mafunzo ya Tathmini ya Kisaikolojia katika Kesi za Uhamiaji Nchini Marekani

Mtu anayeomba hifadhi nchini Marekani mara nyingi hufika mbele ya hakimu wa uhamiaji bila hati, bila picha wala shahidi. Alikimbia usiku, na waliomtesa hawakumwachia stakabadhi. Ushahidi mkubwa alio nao ni maneno yake mwenyewe, nayo hutoka katika kumbukumbu iliyojeruhiwa. Ndipo mwanasaikolojia, daktari wa magonjwa ya akili au mtaalamu wa ustawi wa jamii mwenye leseni huombwa amchunguze na kuandika taarifa ya kitaalamu. Katika makala hii tunaeleza tathmini hiyo ni nini, na jinsi wataalamu wanavyoandaliwa kuifanya.

Tathmini hutumika wapi?

Matumizi yake makuu ni matatu. La kwanza ni maombi ya hifadhi, ambapo mtaalamu huangalia kama hali ya akili ya mwombaji inaafikiana na mateso anayoyasimulia. Sheria ya mwaka 1996 humtaka mwombaji awasilishe ombi ndani ya mwaka mmoja tangu kuingia nchini. Aliyechelewa kwa sababu ya ugonjwa mzito au ulemavu wa akili anaweza kuomba asamehewe kuchelewa huko, na hapo taarifa ya mtaalamu huwa na uzito mkubwa.

La pili ni kinga kwa walioumizwa. Sheria ya mwaka 1994 humwezesha mke au mume anayeteswa na mwenzi aliye raia au mkaazi wa kudumu kujiombea kibali mwenyewe. Sheria ya mwaka 2000 iliongeza viza ya T kwa waliosafirishwa na kutumikishwa kinyume cha utu, na viza ya U kwa waathirika wa makosa fulani ya jinai. Mwombaji wa viza ya U hutakiwa kuonyesha kwamba aliumizwa vikali kimwili au kiakili.

La tatu ni familia. Baadhi ya wanaokabiliwa na zuio la kuingia au kukaa nchini huweza kuomba msamaha endapo kutengana kwao kutamletea dhiki iliyopita kiasi mwenzi au mzazi aliye raia au mkaazi wa kudumu. Katika kesi hizi anayechunguzwa mara nyingi ni huyo ndugu anayebaki.

Kwa nini tabibu hodari anahitaji mafunzo mapya?

Kwa sababu kazi yenyewe ni nyingine. Tabibu humsindikiza mgonjwa kwa miezi au miaka na hutunza siri zake. Mtathmini humwona mtu kwa saa chache, na anayoyaandika huenda mahakamani. Hivyo sharti amweleze mhusika tangu mwanzo kwamba yeye si tabibu wake, na kwamba maneno yake yatasomwa na wengine.

Mwongozo mkuu wa kimataifa ni Itifaki ya Istanbul, iliyowasilishwa Umoja wa Mataifa mwaka 1999 na kuhuishwa mwaka 2022. Itifaki hiyo hutoa ngazi za maafikiano kati ya dalili na simulizi, kuanzia «hayaafikiani» hadi zile dalili zisizoweza kuelezwa kwa sababu nyingine. Mtaalamu hufundishwa kubaki ndani ya ngazi hizo. Haapi kwamba tukio lilitokea, kwani hakuwapo. Anasema alichokiona, alichokipima, na sababu nyingine alizozifikiria, pamoja na uwezekano wa kutia chumvi. Taarifa inayomtetea mwombaji kupita kiasi humdhuru, maana hakimu huacha kuiamini.

Kuna jambo jingine zito. Tangu sheria ya mwaka 2005, hakimu anaweza kupima ukweli wa shahidi kwa kuangalia mwenendo wake na tofauti za maelezo yake, hata katika mambo madogo. Lakini aliyepata kiwewe huweza kusahau tarehe huku akikumbuka harufu ya chumba. Mwingine husimulia kifo cha mwanawe bila chozi, kwa kuwa moyo umekufa ganzi. Asiyejua atasema huyu anadanganya. Ni wajibu wa mtathmini kueleza kwa lugha nyepesi kinachotokea.

Mafunzo yenyewe

Kwa kawaida huanza na kozi fupi, mara nyingi ya siku moja au mbili: misingi ya sheria, namna ya kuhoji bila kutonesha kidonda, matumizi ya madodoso kama PCL-5 yenye maswali 20, uandishi wa hati ya kiapo, na kujibu maswali ya wakili wa serikali mahakamani. Kisha mwanafunzi huketi kando ya mzoefu, akaandika rasimu, nayo ikasahihishwa kabla ya kusainiwa. Shirika la Physicians for Human Rights, lililoanzishwa mwaka 1986, limefundisha wengi kwa njia hii, na vyuo kadhaa vya udaktari vina kliniki zinazoendeshwa pamoja na wanafunzi. Kwa upande wa sheria, mtandao wa CLINIC, ulioanzishwa na Maaskofu Katoliki wa Marekani mwaka 1988, huunganisha ofisi zinazowasaidia wahamiaji.

Lugha na mkalimani

Hapa wasemaji wa Kiswahili tunaguswa moja kwa moja. Mtu wa Mombasa asemapo «saa mbili usiku», mkalimani asiye makini huitafsiri namba ilivyo, na uvamizi wa jioni ukageuka kuwa wa usiku wa manane. Anayemwita baba mdogo «baba» huonekana amejipinga: baba aliuawa, kisha baba huyohuyo akamvusha mpaka. Mkalimani wa Unguja huenda asielewe vema Kiswahili cha Bukavu au Lubumbashi. Tena wengi wetu hatusemi «nina sonona». Tunasema mawazo ni mengi, kichwa kinauma, moyo unakwenda mbio. Na aliyebakwa huenda aseme tu kwamba «walinifanyia vibaya», akanyamaza. Mtathmini aliyeandaliwa huuliza tena kwa upole, na hamtumii kamwe mtoto wa mhusika kuwa mkalimani.

Mafunzo mazuri humkumbusha pia mtathmini kujilinda, kwani kusikiliza mateso siku baada ya siku huacha alama. Humkumbusha vilevile kumwelekeza mhusika kwenye matibabu, maana taarifa ikishawasilishwa, kidonda bado kipo.

Kwa kuhitimisha, tunawaalika wataalamu wa afya ya akili wanaojua Kiswahili kuitazama huduma hii. Katika chumba cha mahakama, tofauti kati ya kurudishwa kwenye hatari na kubaki salama yaweza kutegemea mtu mmoja aliyefundishwa kusikiliza vema na kuandika kweli.