Boma la Wachimba Dhahabu

Leo tutasoma habari za boma moja la magogo huko Marekani. Boma lile lilikaliwa miezi michache tu, lakini shauri lake halijaisha hata leo.

Walakota na jamaa zao, ambao kwa pamoja huitwa Wasioux, walikaa katika nchi yenye milima iitwayo Black Hills. Mwaka 1868 walifanya mapatano na Serikali ya Marekani. Iliandikwa kwamba nchi ile ni yao, na mgeni asikae humo bila ruhusa. Tena, isichukuliwe sehemu yo yote mpaka wanaume watatu katika kila wanne watie sahihi.

Mwaka 1874 habari zilienea kwamba milimani kuna dhahabu. Mwezi wa Oktoba watu 28 wakatoka Sioux City, wakiongozwa na John Gordon. Mwanamke alikuwa mmoja, Annie Tallent, pamoja na mtoto wake. Walijua kwamba safari hiyo imekatazwa, lakini tamaa ya mali haina masikio.

Walifika kijito cha French Creek mwezi wa Desemba, wakati wa baridi kali. Wakakata magogo ya futi 13, wakafukia futi 3 ardhini, wakayabananisha yakawa ukuta. Kila upande ulikuwa futi 80, na katika pembe palikuwa na mahali pa kupigia bunduki. Ndani walijenga vibanda.

Je, nani aliwatoa? Si wenyeji waliowaogopa. Askari wa Serikali yao wenyewe waliwatoa mwezi wa Aprili 1875, bila vita.

Hata hivyo, njia ilikwisha funguliwa. Wachimbaji wengi wakafuata. Serikali ilitaka kuinunua milima, wenyeji wakakataa. Kisha ikaacha kuwazuia wachimbaji. Mwaka 1877 iliichukua milima, ingawa sahihi zilizotakiwa hazikutimia.

Lakini maandishi hayakufa. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua Wasioux walipwe zaidi ya dola milioni 100. Walikataa kuzipokea. Walitaka milima yao.

Basi jadilianeni darasani:
1. Boma liliwakinga wachimbaji na nini, na halikuwakinga na nini?
2. Mapatano yaliyoandikwa yaliwafaa nini wenyeji?